Mkono Wangu na Soksi Iliyoota Nywele

Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliishia darasa la nne. Lakini pale kliniki ya mazoezi, kwenye benchi la kungojea, watu wameniuliza mno habari za soksi, nami sipendi kurudia jambo moja mara kumi. Kwa hiyo nimeandika. Kama umepooza mkono, au unamuuguza aliyepooza, soma polepole. Kama ni mzima, soma haraka, halafu nenda kapime presha.

Naanza na kosa langu, maana kosa ndilo lenye faida kwako.

Nakaa Makutupora. Nina mizabibu nusu eka, tuliipanda mimi na marehemu mume wangu. Ilikuwa mavuno ya mwezi wa tatu, tuko wanawake watano shambani, tunakata vishada. Mtu akikata zabibu tangu alfajiri vidole vinakufa ganzi, hilo kwetu ni la kawaida. Kwa hiyo mkasi uliponidondoka nikauokota. Ukadondoka tena, nikauokota. Mara ya tatu nikabaki nautazama pale chini. Mkono haukushuka kuufuata.

"Mkasi umekuchosha, Mama Yona," akasema jirani yangu Mama Chiku. "Shika na kushoto."

Nikataka kumjibu kwamba sijachoka. Maneno yakatoka yamevurugika, kama ya mtu mwenye uji wa moto mdomoni. Wanawake wakaangua kicheko.

"Jamani! Mama Yona leo ameionja!"

Huku kwetu mvinyo hauko mbali na mtu yeyote, kwa hiyo hilo ndilo lililowajia kichwani. Mimi mvinyo sijautia mdomoni tangu nibatizwe, isipokuwa ule wa meza ya Bwana. Niliona nimetukanwa mbele ya watu. Nikatupa kikapu, nikaenda nyumbani nikiburuta mguu, nikajilaza na hasira zangu. Nilinuna mchana kutwa, na kesho yake nikaendelea kununa, hadi Mama Chiku alipokuja na bakuli la mlenda kuniomba radhi. Akaniona mdomo umehamia upande wa shavu. Bakuli alilitupa chini. Mayowe yake yalisikika hadi barabarani.

Siku nzima na zaidi nilikuwa nimeipoteza kwa kununa. Na vidonge vya presha nilikuwa nimeviacha tangu Krismasi, kwa kuwa nilijiona mzima. Nisikilize basi: mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, msiulizane nani amekunywa nini. Hospitali, saa ileile. Na vidonge havimezwi kwa kujiona.

Hospitali sitaieleza sana. Walionihudumia walinihudumia vizuri. Ninachokumbuka ni mkono. Ulikuwa wangu na si wangu, kama nimepewa mzigo wa mtu mwingine nimshikilie, naye akaondoka moja kwa moja. Ulikuwa unaanguka kitandani wenyewe, unabanwa na mlango bila mimi kujua. Mwanangu Yona, mtu mzima mwenye kipara, alinibeba mgongoni kutoka kwenye gari, na nikakumbuka nilivyokuwa nambeba yeye kwenda kuchota maji. Sikupenda. Lakini mgongo wake ulikuwa na joto, hilo nalikubali.

Na mama mmoja wa foleni, simjui hata jina, alinikatia kucha zote kumi huku tunangoja kuitwa. Hakuniuliza kitu. Alitoa kiwembe kwenye mkoba, akanikamata mkono ule uliokufa kama vile ni mkono wa kawaida. Mungu ambariki popote alipo.

Nilipotoka hospitali nikapelekwa mjini, Miyuji, kwa Yona. Yeye anafanya kazi ofisini, mkewe Sesilia anafundisha, na wana mabinti wawili: Neema wa darasa la tatu na Imani wa miaka mitano. Nyumba nzuri, lakini ua wote umesakafiwa. Udongo uko mahali pamoja tu, kipande cha upana wa mkeka nyuma ya tangi la maji. Nilikaa kwenye kiti natazama ukuta. Mwezi wa nne ukaisha, wa tano ukaanza. Mizabibu ikapogolewa na kibarua.

Sesilia ndiye aliyekuwa ananiogesha, ananifunga vifungo, ananikatia nyama. Siku moja nikamsikia jikoni anamwambia mumewe, "Nina kazi, nina watoto wawili, na sasa nina wa tatu." Hakujua kama nasikia. Nilikasirika. Halafu nikahesabu kazi alizonifanyia tangu asubuhi ile, nikaona hakusema uongo.

Jioni ile Yona akaja kukaa karibu yangu, na sura ya kikao.

"Mama, nadhani kule hurudi tena. Utakaa hapa na sisi. Mizabibu tuing'oe, tujenge vyumba vya wapangaji."

"Nani kakwambia mizabibu yangu imekufa?"

"Mizabibu haijafa, Mama. Ila..."

"Malizia. Umeshafungua mdomo."

"Mkono ndio umekufa."

Nilimtazama mpaka akainamisha kipara chake. Nikamwambia: "Mwezi wa kumi na moja ni kupogoa tena. Utanipeleka shambani. Nikipogoa mstari mmoja kwa mkono huu wa kulia, mzabibu wa kwanza hadi wa mwisho, narudi nyumbani kwangu na hakuna kinachong'olewa. Nikishindwa, ng'oa, nami nitahamia hapa na sitasema neno."

"Mstari mzima, Mama? Hata nusu inge..."

"Sijasema nusu."

Mstari wangu wa mbele una mizabibu ishirini na miwili. Mkono wenyewe wakati huo haukuweza kumfukuza nzi.

Kliniki nilikuwa nakwenda Jumanne na Ijumaa. Binti wa mazoezi ni Mchaga, mcheshi, ana mikono migumu kama ya seremala. Alinipa kampira ka kubana. "Bana Bibi, achia. Bana Bibi, achia. Nyumbani mara mia kila siku." Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na nane, nimezaa, nimelima, nimezika, halafu nikae nabana mpira kama mtoto mchanga? Nilijaribu kubana siku mbili. Siku ya tatu nikamrushia mbwa.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa likizo ya mwezi wa sita ilipofika, na upepo wa baridi ukaanza kupiga. Neema akatoka shuleni na agizo la mwalimu: kila mtoto akirudi alete kazi za mikono za bustani, zilizotengenezwa kwa vitu vya nyumbani. Akakaa sakafuni karibu na kiti changu na gazeti, anajaribu kutengeneza kikopo cha kuoteshea mbegu. Anakunja, kinafumuka. Anakunja, kinafumuka. Nilivumilia kwa kitambo. Kazi ikifanywa vibaya mbele yangu naumwa kuliko kiharusi.

"Lete hapa!"

"Bibi, mkono wako mgonjwa."

"Macho yangu je, nayo yanaumwa? Lete na glasi."

Hiki ndicho kikopo, ukitaka kutengeneza na wajukuu wako. Kunja ukurasa wa gazeti mara mbili kwa urefu. Uviringishe kwenye glasi, uache vidole vitatu vya gazeti vipite chini ya kitako cha glasi. Hivyo vilivyozidi vikunje ndani, vikandamize, halafu chomoa glasi. Jaza udongo, tia mbegu. Mche ukikua unaupanda na gazeti lake, linaoza lenyewe. Sasa mimi mkono wa kushoto ulikuwa unaviringisha, lakini gazeti lilikuwa linakimbia. Nikaunyanyua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, nikauweka juu ya gazeti, ukakaa. Nikasema, haya, leo umepata kazi. Wewe ni jiwe.

Tulitengeneza vikopo kumi na vinne siku hiyo. Tukaotesha mchicha na nyanya pale nyuma ya tangi.

Kesho yake Imani naye akataka kazi yake, kwa kelele. Sesilia alikuwa ametoka Makutupora kuangalia nyumba yangu, akaniletea majani ya mzabibu ili niyaone tu. Nikawaambia watoto wakande udongo mwekundu na uji mwembamba wa unga hadi uwe kama rangi. Unapaka rangi upande wa jani wenye mishipa, unaligeuza juu ya kitambaa cheupe, unakandamiza sawasawa, unabandua. Jani linabaki pale na mishipa yake yote. Tulitumia shuka kuukuu. Kukandamiza nikasema nitakandamiza mimi, maana jiwe nilikuwa nalo. Lakini michoro ikatoka nusunusu.

Imani akaitazama. "Bibi, mkono wako mwepesi. Ngoja niukalie."

Na akaukalia. Alijitupa na makalio yake yote juu ya kiganja changu, juu ya jani, juu ya shuka.

Nikasikia uzito.

Tangu mwezi wa tatu sikuwa nimesikia kitu katika mkono ule, si sindano, si maji ya moto. Sasa nikasikia uzito wa mtoto, na joto lake, kwa mbali, kama mtu anayepiga hodi nyumba ya tatu. Sikulia. Nilimwambia, "Usiinuke." Akakaa mpaka miguu ikamfa ganzi, akaanza kulalamika kwamba Bibi anamkatalia kwenda chooni.

Baada ya hapo sikuhitaji kusukumwa. Kila asubuhi baada ya chai nilikuwa nawapanga mstari kama vibarua wa shamba, na asiyenawa mikono hashiki kitu. Tuliokota mawe laini ya ukubwa wa kiazi, tukayaandika majina ya mimea kwa chokaa na masizi: mchicha, nyanya, bamia. Rangi ikikauka unalaza jiwe kwenye tuta, mtu ajue kimeota nini. Neema alitengeneza moja la ziada lenye jina lake mwenyewe, akalichora maua pembeni. Mimi niliandika "bamia" kwa mkono wa kulia, brashi nimefungiwa kwa kitambaa. Imani alisema inafanana na mjusi. Ilikuwa inafanana kweli.

Halafu tukaja kwenye soksi.

Chukua soksi kuukuu. Ndani, kule kwenye vidole, tia mbegu za uwele kijiko kimoja. Juu yake shindilia unga wa mbao kutoka kwa fundi, uliochanganywa na samadi kavu, mpaka soksi iwe duara kama kichwa. Funga kwa uzi, uigeuze kichwa juu. Shona vifungo viwili viwe macho, na uzi mwekundu uwe mdomo. Iweke kwenye sahani, imwagilie kila siku. Uwele ukiota, kichwa kimepata nywele. Watoto wanazikata, zinaota tena.

Kushona vile vifungo kulinichukua siku tatu. Neema alinitungia uzi, mimi nikabana sindano kati ya kidole gumba na cha shahada. Nilikuwa naidondosha, naitafuta, naibana, naidondosha. Jasho lilinitoka kuliko siku ya kulima. Siku ya tatu kifungo cha pili kikakaa. Kilikaa upande, kichwa kikawa kinatazama juu na chini kwa wakati mmoja, lakini kilikaa.

Jumatatu asubuhi Yona akawa anazunguka nyumba nzima na mguu mmoja wazi.

"Sesilia, soksi yangu ya kijivu iko wapi? Nimeona moja tu."

"Waulize wanao."

"Mimi sijui," akasema Imani, anacheka ndani ya kikombe.

Siku ya tano uwele ukaota. Yona akarudi kutoka kazini, akakuta kichwa dirishani, kina nywele za kijani zimesimama.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, Baba," akasema Neema.

"Mimi? Mimi sina nywele."

"Ndiyo maana Bibi amekupandia."

Sesilia alicheka hadi akakaa chini. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu nifike pale. Siku hiyohiyo nikamwambia, "Mama Neema, kuanzia kesho nguo nitavaa mwenyewe. Nikichelewa, nichelewe." Akaniambia, "Sawa Mama." Halafu akanishika bega. Ya jikoni hatukuyataja, wala haikuhitajika.

Ijumaa nikapeleka soksi kliniki ndani ya mfuko. Binti wa mazoezi akauliza, "Bibi, mpira uko wapi?"

"Mbwa anao."

"Sasa unafanya mazoezi na nini?"

Nikamtoa Yona kwenye mfuko. Benchi zima likasimama kuja kutazama. Mzee mmoja aliyekuwa hajaongea tangu tujuane akauliza kama ulezi nao utafaa. Nikamwambia utafaa, ila nywele zake ni fupi. Binti alinishika vidole akavikagua kimoja kimoja, halafu akasema nimwachie soksi mpaka wiki ijayo awaonyeshe wenzake. Nikakataa. Anayetaka kichwa ashone chake.

Mwezi wa nane na wa tisa tukatengeneza mikufu ya vizibo vya soda: Neema anaviponda vikae bapa na kuvitoboa kwa msumari, Imani ananipa, mimi napitisha waya. Ukiitundika kwenye upepo inapiga kelele na kumulika, ndege wanaogopa. Mimi sikuwa natengeneza mapambo. Nilikuwa na shamba linaloliwa na ndege. Kizibo cha kwanza kilinichukua muda wa kuchemsha chai. Mwezi wa kumi nilikuwa namkemea Imani kwamba ananichelewesha.

Mwezi wa kumi na moja joto likapanda, mawingu yakaanza kujikusanya na kutawanyika. Jumamosi moja Yona akatupakia wote kwenye gari. Nilibeba mkasi wangu wa kupogolea, niliokuwa nimeutia mafuta mwenyewe. Watoto walibeba mikufu ya vizibo na mfuko wa mawe, wapambe bustani yangu ya mboga.

"Mbukwa, Mama Yona!" Mama Chiku akaniamkia kwa lugha yetu, tayari amekaa kivulini na kiti chake kama mtu aliyekuja mpirani. Nikamwitikia, nikaingia kwenye mstari.

Mzabibu unapogolewa hivi: unachagua fimbo, yaani tawi lililokomaa, unahesabu macho mawili ya kuchipua kutoka chini, unakata juu yake, mengine yote yanaondoka. Kushoto kulishika fimbo, kulia kulishika mkasi. Wa kwanza ukatii. Wa tano. Wa kumi. Yona alikuwa ananifuata nyuma na chupa ya maji.

"Pumzika, Mama."

"Ulinipa maji au ulinipa ushauri?"

Wa kumi na tano mkono ukaanza kutetemeka. Wa kumi na nane mkasi ukawa unatafuna badala ya kukata. Nilirudia kila fimbo mara mbili. Wa ishirini. Wa ishirini na moja nilipoukata, vidole vikajifunga juu ya mkasi na vikakataa kufunguka. Wenye ugonjwa huu wanaijua hali hiyo.

Neema akaja bila kuitwa. Alikuwa ameniona nikifanyiwa kliniki. Unaanza na kidole kidogo, taratibu, huvuti. "Hodi," akasema, akakifungua. "Hodi," cha pili. Hadi gumba. Mkasi ukaanguka kwenye udongo. Nikajaribu kuubana tena na mkono ukakataa. Ukanining'inia tu. Mzabibu ulikuwa umebaki mmoja.

Mimi siwezi kuacha fimbo hivyo. Nikamwambia Neema, "Okota. Hesabu macho mawili. Hapo juu yake. Kata." Akakata. Alikata vizuri, fimbo zote, bila kuchana ganda.

Nikamgeukia mwanangu. "Nilisema ishirini na miwili. Nimekata ishirini na mmoja. Nimeshindwa. Ng'oa."

Yona akafungua mdomo. Neema hakumngoja. Alikimbilia mfuko, akachakura, akarudi na jiwe lake lenye maua, akalilaza chini ya mzabibu wa mwisho, jina likitazama juu.

"Huu ni wangu," akasema. "Una jina. Bibi amemaliza yake."

Yona ni mtu wa ofisi, kitu kilichoandikwa anakiheshimu. Alichuchumaa, akalisoma lile jiwe, akalisoma tena, akajikuna kipara.

"Ni kweli," akasema. "Una jina."

"Kwa hiyo mstari wa Bibi una mingapi?" Neema akauliza.

"Ishirini na mmoja." Akasimama. Macho yalikuwa mekundu, akasingizia vumbi. "Mama, mstari wako umekwisha. Nyumbani kwako ni hapa."

Nilitaka kubisha, maana sheria niliiweka mimi. Lakini mwenye jiwe alikuwa amenisimamia mbele, mikono kiunoni, na niliona hapo sitashinda.

Sasa niko kwangu. Mkono haujarudi wote. Ndoo iliyojaa siinui, na jioni vidole vinajifunga, nabishiwa hodi na yeyote aliye karibu. Vidonge nameza kila siku baada ya uji. Kliniki ni mara moja kwa mwezi. Soksi iko dirishani, nimeipanda upya mara mbili, na Yona akija anaipita bila kuitazama.

Zabibu zimeiva tena. Tuko wanawake walewale watano, na nikikosea neno moja tu, hata kwa kupiga chafya, mikasi yote inasimama na wananitazama mdomo. Nafurahi, ingawa nawagombeza. Vizibo vinalia kwenye upepo, ndege wako kwa jirani.

Mistari yote tumeshachuma, umebaki mzabibu wa mwisho wa mstari wa mbele. Una vishada tisa vizito. Jana nilimpigia simu Neema kumwomba ruhusa ya kuukata.

Amesema atafikiria.